Hotpoti za Kiwangwa

Mardhiya binti Seleman alikuwa na hotpoti sita, na nne kati ya hizo zilikuwa Kiwangwa kwa mke mwenzake. Hilo peke yake lilitosha kumharibia siku. Kila mumewe Abuu alipomaliza siku zake tatu mjini Bagamoyo na kuwasha pikapu aende kwa mke mdogo, Mardhiya alimfuata mpaka barazani na hotpoti imejaa, ya moto, imefungwa kwa kanga. Mara pilau, mara wali wa nazi na pweza, mara maharage mazito ya tui. "Usije ukalala na njaa huko shamba," alikuwa akisema, kwa sauti ya kutosha kufika mlango wa tatu. Abuu aliipokea, akaiweka kiti cha mbele, akaondoka. Chakula kilikwenda, na vyombo, kimoja baada ya kingine, vikaacha kurudi.

Wivu wa Mardhiya haukuwa wa kelele. Hakuwahi kumtukana Samia wala kumvizia njiani, na ndoa ya pili ilipofungwa miaka minne iliyopita yeye ndiye aliyesimamia masufuria, watu wakasema mama huyu ana moyo. Moyo gani! Aliumia mpaka akakonda. Lakini alikuwa amelelewa Kaole na mama asiyetaka kusikia mwanamke akipayuka, kwa hiyo maumivu yake yote aliyapeleka jikoni. Kabla ya Samia, nyumbani pale paliliwa wali na mboga moja. Baada ya Samia mboga zikawa tatu, wali ukawa mlima, na juu ya mlima ikaja chapati "ya kuonja". Abuu akibakisha tonge moja, Mardhiya alimtazama kwa yale macho yake makubwa, na macho yalikuwa yakiuliza: kule huwa unamaliza?

Abuu alikuwa mtu wa amani. Alinunua nanasi kwa wakulima wa Kiwangwa akazipeleka Dar es Salaam, akagombana na matajiri wa sokoni siku nzima, na akifika nyumbani hakutaka kugombana tena. Alimaliza. Akimaliza aliletewa soda baridi ya kushushia, kisha alijilaza kwenye kochi chini ya feni, vifungo vya shati vimefunguliwa, tumbo limeumuka limekuwa gumu, linanguruma mpaka chumba cha pili. Alikwenda hospitali akapimwa. Hana vidonda, hana mdudu, daktari alimwambia apunguze kula, atafune taratibu, atembee. Abuu alirudi akasema, "Wameniambia sina kitu." Hayo mengine aliyameza.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, mchana, baada ya wali na mboga tatu, alijiinua kwenye kochi kwa shida.

"Mama Farhan," alisema. Farhan ni mtoto wao wa kwanza, yuko Dar na mkewe. "Nataka kukuomba jambo, usikasirike."

Mtu akianza hivyo, ujue umeshakasirishwa. Mardhiya aliweka sinia chini.

"Nisamehe zamu zako za Ramadhani. Mwaka huu nifunge kule."

"Mwezi mzima?"

"Tumbo, Mama Farhan. Kule linatulia. Sijui ni hewa, sijui ni maji ya kisima..."

"Au ni mkono."

"Mkono gani?"

"Wa anayekupakulia."

Abuu alishusha macho. Alijua, na Mardhiya alijua, kwamba zile siku tatu kwa tatu ni haki ya mke, hakuna wa kuzitoa ila yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Ndiyo maana aliomba. Na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi, kwamba mume wake wa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa mbele yake anaomba ruhusa ya kumkimbia, kwa adabu kabisa.

"Nitakujibu," alisema, akabeba sinia.

Usidhani ni jambo dogo. Mwezi wa Ramadhani mtaa wao hauna siri. Magharibi milango iko wazi, watoto wanapitisha sahani za futari nyumba hadi nyumba, wanaume wanakaa barazani kwenye majamvi, na kila aliyekosekana anaulizwa. Siku ya kwanza wangesema amechelewa, siku ya tano wangesema ni zamu ya kule. Siku ya kumi na tano wangekuwa hawasemi tena, wangemletea Mardhiya sahani yenye nyama nyingi kuliko kawaida, na yeye angejua maana yake. Bora afe.

Abuu akaenda zake Kiwangwa. Siku tatu baadaye akarudi, na hapo ndipo Mardhiya alipomwangalia vizuri. Alikuwa mwepesi. Aliruka kutoka kwenye pikapu kama kijana, shati limefungwa vifungo vyote, mkanda umerudi tundu mbili nyuma. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Mwanamume anatoka kwa mke mdogo anaimba! Mardhiya alimjibu salamu, akaingia jikoni, akaongeza kikombe cha mchele kwenye kile alichokuwa ameshapima.

Kesho yake Abuu alipeleka mzigo Dar, naye Mardhiya akafua. Kwenye mfuko wa shati alilotoka nalo shamba aliokota kifundo cha karatasi, kimekunjwa vizuri, kimefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, wenye harufu ya moto na utamu kidogo.

Alikaa kwenye ukingo wa karo.

Limbwata. Neno lilikuja lenyewe. Tangu akiwa mwari ameambiwa habari za wanawake wanaomtilia mume dawa kwenye chakula asimwone mwingine, akicheka acheke naye, akiumwa apone kwake. Alikuwa akizicheka habari hizo, sasa hakucheka. Kila kitu kilipata mahali pake: tumbo linalotulia Kiwangwa tu, nyimbo, mkanda, ile adabu ya kuomba. Kumbe mumewe hakumkimbia, alikuwa amechukuliwa! Niseme kweli, ndani ya ile hofu mlikuwa na faraja. Mtu aliyelogwa hana kosa, na chakula chako hakina kosa.

Alivaa baibui, akaficha kifundo kwenye pochi, akaenda kwa Jyotsna.

Jyotsna, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Urvi, ana duka la viungo alilorithi kwa babake, na pua yake inaaminika kuliko mizani yake. Mardhiya alisubiri wateja watoke.

"Mama Urvi, nimeokota kitu. Ninusie, lakini usikionje."

Jyotsna alifungua karatasi, akanusa, na kabla Mardhiya hajasema kitu akachovya kidole akalamba.

"Nimekwambia usionje!"

"Kwa nini nisionje? Nimesaga mwenyewe." Jyotsna alikuwa akimtazama kwa mshangao. "Shamari na binzari nyembamba, nimezikaanga kidogo, nimesaga. Hii ya baba Farhan. Kila mwezi anachukua. Anatia kijiko kidogo kwenye maji ya moto baada ya kula, gesi inashuka. Hakukuambia?"

Mardhiya aliikunja ile karatasi upya. Kutoka dukani pale mpaka mlangoni kwake ni hatua sitini. Mumewe alikuwa akipita hatua hizo kila mwezi na dawa ya tumbo mfukoni, akiificha asiione, jinsi wanaume wengine wanavyoficha wanawake.

"Aliniambia," alisema. "Nilisahau."

Jyotsna hakuwa mjinga, wala hakuwa mkatili. Alianza kupanga vipakiti vya pilipili manga visivyohitaji kupangwa. "Maharage yako unaloweka?"

"Naloweka, usiku kucha."

"Maji yake unamwaga?"

"Nimwage utamu?"

"Basi huo utamu ndio unaonguruma," Jyotsna alisema. "Mwaga, osha, tia maji mapya. Na soda aachane nayo. Sisi nyumbani tulikuwa na baba namna hiyo hiyo. Chakula kingi, haraka, kisha kulala. Mama yangu alimtoa nje kila baada ya kula, anazunguka mtaa mara mbili kama mlinzi. Akafika miaka themanini na nne."

Mardhiya alishukuru akatoka. Angepaswa kutulia, lakini wivu haushibi haraka hivyo. Ikiwa unga umetoka hapa mjini, mbona tumbo lilitulia kule tu? Kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na kitu ambacho yule binti anampa na yeye hampi, na hatajibu habari ya Ramadhani mpaka akione kwa macho yake. Abuu alikuwa Dar mpaka jioni. Kabla ya saa nne asubuhi Mardhiya alikuwa ameshashuka Kiwangwa, mahali ambapo kwa miaka minne hakuwahi kukanyaga.

Samia alikuwa shambani, nyuma ya nyumba, anapalilia nanasi, gauni limefungwa kiunoni na mikono imechanwachanwa na miiba. Alipomwona mgeni alidondosha jembe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Jikoni kwako wapi?"

Swali gani hilo, kwa mgeni ambaye hata maji hajanywa? Lakini Samia alimwonyesha kwa kidole, na Mardhiya akaenda moja kwa moja mpaka kwenye banda la makuti, akafunua sufuria bila kuomba. Maharage kidogo, ya mtu mmoja na nusu, hayana hata tui. Kwenye sahani mlikuwa na mchicha, na pembeni nusu papai limefunikwa. Akafunua kikombe, akanusa: tangawizi. Akageuka, na hapo akaziona. Hotpoti zake nne, juu ya meza ya mbao, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, kila moja na kifuniko chake.

"Unatafuta nini, dada?" Samia alikuwa amesimama mlangoni.

"Natafuta unachompa mume wangu."

"Mume wetu," Samia alisema, taratibu. Kisha akaelewa, na uso ukambadilika. "Unadhani namtilia kitu?"

"Anatoka kwangu anaumwa, anatoka kwako anaimba. Nifikirie nini?"

Samia alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikia. Aliketi kwenye kigoda akafuta mikono kwenye gauni.

"Dada, nitakueleza unachokionea wivu. Nilipoolewa nilipika. Siku ya kwanza nilichinja kuku, nikamkamulia nazi mbili. Akashuka garini amejishika tumbo na hotpoti yako mkononi. Akasema, 'Samia, nimeshiba tangu mjini.' Na ile hotpoti akasema tuile, isiharibike. Nikala chakula chako, wiki ya kwanza ya ndoa yangu. Zamu iliyofuata nikapika samaki, ikawa vile vile. Siku ya kwanza anakula hotpoti kwa sababu anaogopa utamuuliza. Ya pili hali, anakunywa chai ya tangawizi na kipande cha papai, anazunguka shamba apate kupumua. Ya tatu njaa inaanza kumjia kidogo, na mimi nawasha moto, na wewe unapiga simu: njoo mapema, pweza yuko jikoni." Alionyesha sufuria kwa kidevu. "Basi nikaacha kupika. Napika haka kasufuria. Miaka minne, dada, sijawahi kumpakulia mtu mwenye njaa."

Nitawaambia alichohisi Mardhiya kwanza, ingawa yeye hangependa nikiseme: alifurahi. Furaha mbaya, ya moto, ilimpanda kifuani. Alikuwa ameshinda! Kwa miaka minne alikuwa ameshinda kila mlo, hata kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia, na hakujua.

"Na Ramadhani ameniambia," Samia aliendelea. "Anataka kufunga huku kwa sababu huku halazimishwi kula. Ndiyo sifa niliyopewa. Mwanamke gani anaringa kwa sifa hiyo?"

Furaha ikapoa. Mardhiya alitazama zile hotpoti. "Mbona hukuzirudisha?"

"Nimempa mara ngapi! Anaziacha makusudi. Anasema zikirudi tupu utazijaza."

Hapo Mardhiya aliketi. Hapakuwa na kigoda cha pili, akaketi kwenye gunia la makaa na baibui lake safi. Alimwona Abuu akizihesabu hotpoti sita kwa matumaini: imebaki tano, imebaki nne, imebaki tatu. Mume mzima. Hakuwa na ujasiri wa kusema basi, akawa anamnyang'anya mkewe vyombo kimoja kimoja.

Samia alimletea maji, kisha akamletea kipande cha papai. Mardhiya alikula. Lilikuwa papai tamu, na hilo nalo lilimuudhi. Alipoondoka alizifunga hotpoti zote nne kwenye kanga, na Samia akambebea mpaka barabarani. Gari lilipokuja Samia alisema, "Usimwambie nimelia." Mardhiya alisema, "Hukulia," na ilikuwa kweli, machozi yalikuwa bado yamesimama.

Jioni ile Abuu alirudi kutoka Dar na njaa ya kawaida ya mtu aliyeshinda barabarani. Alinawa, akaketi mkekani, akavuta sinia, akainua kawa.

Sahani ndogo. Wali kiasi cha kiganja, kipande cha samaki changu wa kuchoma, mchicha, na papai lililomenywa. Soda haikuwepo, chapati haikuwepo.

Abuu aliitazama kwa muda mrefu. Lazima muelewe kwamba pwani yetu sahani inasema. Mwanamke hana haja ya kufokea mtu. Akipunguza wali, mume anajua kuna kesi, na akipunguza wali na nazi, mume anaita wazee. Abuu alirudisha kawa mahali pake kwa upole.

"Basi nimeelewa," alisema. "Kwa sababu ya lile nililoomba. Umenichoka." Akaanza kuinuka, mkono unatafuta funguo.

"Kaa."

Mardhiya aliweka kile kifundo cha karatasi mkekani, katikati yao. Abuu akakaa.

"Ningeokota sigara ningekasirika kidogo," alisema. "Ningeokota picha ya mwanamke ningekasirika sana, lakini ningejua la kufanya. Hii nifanye nini? Hatua sitini, Abuu. Uliogopa nini?"

"Macho yako."

"Macho yangu?"

"Nikibakisha tonge unaniangalia kana kwamba nimelibakisha kwa ajili ya mtu." Alikuwa akisema na sinia, si na yeye. "Nikasema bora tumbo lijae kuliko uniangalie vile. Daktari aliniambia nipunguze. Ningekuambiaje wewe nipunguze? Ungesema nani amekufundisha."

Ni kweli. Angesema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Nilikwenda Kiwangwa leo," Mardhiya alisema.

Abuu alifumba macho, akisubiri dari lianguke. Halikuanguka.

"Kula," mkewe alisema. "Tafuna, usimeze kama unakimbizwa. Chakula hakina kesi. Na zamu zangu sikusamehe, hata siku moja, unanisikia? Utafunga kwangu siku zangu na kwake siku zake."

Alikula. Alikula polepole kwa mara ya kwanza tangu wamejuana, kwa sababu chakula kilikuwa kidogo na yeye alitaka kidumu. Kulipobaki mfupa wa changu alitazama huku na huku kutafuta kochi, lakini Mardhiya alikuwa ameshavaa baibui na kushika mlango. Wakatoka. Walikwenda mpaka karibu na soko la samaki wakarudi, wakapita dukani kwa Jyotsna aliyejifanya anahesabu vitunguu, na kabla ya kufika nyumbani Abuu alicheua kwa sauti iliyomgeuza paka ukutani. "Alhamdulillahi," alisema, na wote wawili wakacheka. Mardhiya alikuwa hajacheka naye barabarani tangu Farhan anyonye.

Nisikudanganyeni kwamba tumbo lilipona siku ile. Kesho yake lilijaa tena, kwa kuwa mtu alikuwa amemkaribisha mihogo ya kukaanga sokoni na soda mbili, naye akaja akaungama mwenyewe. Lakini siku zilivyokwenda mngurumo ulipungua. Mardhiya alimwaga maji ya kulowekea maharage huku roho inamuuma, akayaosha, akayatia maji mapya, na yakaja matamu vile vile, jambo ambalo hakumwambia Jyotsna. Kile kifundo cha unga kikahamia kabatini, karibu na chumvi, mahali pa halali. Mkanda ukarudi tundu moja.

Macho ndiyo yaliyokuwa na kazi. Abuu alipobakisha tonge, Mardhiya aliinama akaokota punje zisizokuwepo mkekani, ili asimtazame.

Mwezi uliandama, na kwa hesabu ya zamu siku ya kwanza ya kufunga iliangukia kwa Samia. Miaka yote hiyo hesabu ya namna hiyo isingemsumbua Mardhiya, kwa kuwa hotpoti ingetangulia. Kila Ramadhani ilikuwa hivyo: Abuu alifika Kiwangwa na futari ya Mardhiya, adhana ikalia, akafungua kifuniko cha Mardhiya, akafuturu kwa mkono wa Mardhiya. Mwaka huu hotpoti zote sita zilikuwa nyumbani, juu ya kabati, na magimbi mazuri yalikuwa yamefika sokoni tangu asubuhi.

Alasiri Abuu aliwasha pikapu. Kisha, kwa mazoea, akasimama barazani anangoja. Majirani wawili walikuwa wakipiga soga mlango wa pili.

"Nimesahau nini?" aliuliza, kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu.

Mardhiya alikuwa amesimama kizingitini. Jikoni hapakuwa na moto. Alikuwa ameliacha jiko baridi tangu dhuhuri, akijua kwamba akiwasha tu, mikono itajaza.

"Hujasahau kitu," alisema, kwa ile sauti ya kufika mlango wa tatu. "Futari yako iko Kiwangwa."

Abuu alipanda garini. Pikapu ikaondoka na kiti cha mbele kitupu. Mume wake alikuwa amekwenda kwa mwanamke mwingine na njaa ya siku nzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Kama kuna kitu kigumu zaidi mke aliwahi kufanya mtaa ule, mimi sijakisikia.

Magharibi adhana ililia. Mardhiya alikula tende moja, akanywa maji, akaswali, akarudi akaketi mbele ya uji uliokuwa ukipoa. Sasa anafungua sufuria, aliwaza. Sasa anampakulia. Sasa anamtazama anavyokula. Kila kijiko alikihesabu kutoka maili zote hizo.

Simu ikalia. Samia hakuwahi kumpigia.

"Dada," sauti ilisema, na nyuma yake vyura walikuwa wakilia. "Amekula."

Mardhiya alikaa wima. "Amekula nini?"

"Magimbi. Na uji, na samaki. Amemaliza." Alirudia kama asiyeamini. "Amemaliza, dada, halafu ameomba tena."

Wivu ulimpanda Mardhiya mpaka masikioni, moto wake ule ule wa miaka minne, haukupungua hata kijiko.

"Usimpe," alisema.

"Nisimpe?"

"Usimpe, unanisikia? Ameshiba huyo, anadeka. Na asilale. Mtoe nje umtembeze mpaka mwisho wa shamba, mkirudi mpe yale maji yako ya tangawizi. Ukimwacha alale sasa hivi, kesho atakunyima raha kwa mngurumo."

"Sawa, dada," Samia alisema. "Ahsante, dada."

Mardhiya aliweka simu mkekani. Tende mbili zilikuwa zimebaki kwenye sahani, na uji haujaguswa, lakini tumbo lake lilikuwa limejaa mpaka kooni, limekuwa gumu, mtu angedhani amekula wali na mboga tatu. Alikaa nalo kidogo, akaona halishuki. Akachukua baibui, akafunga mlango, akaenda kutembea.